Wenye boma za sanaa vijijini: mgeni aanzie kwenye beseni, rafu iwe ya mwisho (uzi kutoka Tabaka, Kisii)

Mwosha_Mawe (mwanzisha uzi)

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, na wengine poleni na kazi.

Nimeolewa Tabaka, Kisii, huu ni mwaka wa kumi na sita, kwenye boma la wachonga mawe. Baba mkwe alichonga hadi macho yalipomkatalia, mume wangu anachonga, shemeji zangu wawili wanachonga. Mimi naosha. Kwa msiojua kazi yetu, kuosha ni kusugua kinyago kwa msasa na maji hadi alama zote za kisu zifutike na jiwe liwe laini kama shavu la mtoto. Niliikuta ni kazi ya wanawake na kwa sehemu kubwa bado ni yetu, ingawa siku hizi wapo kina mama walioshika kisu.

Tunapokea wageni bomani mwaka wa tano sasa. Wanakuja kuona jiwe linavyotoka ardhini hadi linakuwa kinyago cha kiboko, yule mnyama wa mtoni, sahani au seti ya sataranji. Wasanii wenzangu kadhaa wameniuliza faraghani tulianzaje na tunalipwaje, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja. Ni mrefu, mnivumilie.

Tabaka iko kwenye vilima vya Gusii. Unashuka Nyachenge kwenye barabara ya Kisii kwenda Migori, unachukua bodaboda. Machimbo yako ndani ya mashamba ya watu: hapa migomba, pale mahindi, katikati shimo jeupe. Wanachimba kwa mtaimbo, sululu na nyundo, wanapandisha kwa mabega. Jiwe lenyewe ndilo linaloitwa jiwe la sabuni. Ni laini, ndiyo maana panga na kisu cha kawaida vinalikata. Lipo jeupe, lipo la waridi, lipo la kijivu, na lipo lenye mishipa ya rangi mbili tatu ambayo hujui imelala wapi hadi ulimwagie maji.

Zamani wageni walikuja hivi. Gari linasimama barabarani, dereva anawashusha moja kwa moja mbele ya rafu ya vinyago. Wanazungukazunguka dakika kumi na tano, wanauliza bei, wanaomba punguzo, wanapiga picha, wanaondoka. Jioni dereva anapiga simu kuulizia asilimia yake. Mtu aliyeshushwa mbele ya rafu hana kitu kingine cha kuzungumza nawe ila bei, na sikumlaumu, maana hatukumwonyesha kingine.

Siku moja wakaja mume na mke na binti yao wa miaka kama minane. Baba alikuwa ameshika kiboko cha shilingi 800, anataka kutoa 300, kwamba Nairobi ameona cha namna hiyo kwa bei hiyo. Mume wangu ameshafika 450 na uso umemkunjamana. Binti akaomba choo. Nikampeleka nyuma ya nyumba, na huko nyuma ndiko mama mkwe wangu alikokuwa ameketi kwenye kigoda, beseni katikati ya miguu, anaosha viboko wengine kama kile.

Mtoto alipotoka chooni hakurudi mbele. Alichuchumaa akatazama. Mama mkwe hajui Kiingereza, na Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Akamsogezea kipande cha msasa na kiboko mdogo aliyevunjika sikio. Mtoto akatia mikono majini. Maji ya beseni yakishasuguliwa jiwe huwa meupe mazito kama uji, huoni vidole vyako, unafanya kazi kwa kupapasa. Akasugua, akatoa, akatazama, bado kuna mkwaruzo, akarudisha. Wazazi walipokuja kumtafuta wakamkuta amelowa hadi mabegani. Wakakaa. Walikaa saa nzima na robo.

Yule mama wa mtoto akaniuliza kiboko kimoja kinaoshwa kwa muda gani. Nikamwambia wa saizi ile, na msasa wa kukwaruza, kisha wa kati, kisha laini, kisha kuanika, kisha nta, mama mkwe anaweza kumaliza wanne kwa siku akiwa mzima wa mgongo. Akageukia mikono ya mama mkwe. Wanaoosha mawe miaka mingi ncha za vidole hulainika, mistari inaisha. Mama mkwe alipokwenda kusajiliwa kwa alama za vidole mashine ilimkataa mara nne. Nikawaeleza hilo pia. Yule baba alinunua viboko watatu kwa 800 kila mmoja na hakutamka tena neno punguzo.

Usiku ule nilimwambia mume wangu kwamba tumekuwa tukiifungua nyumba kwa mlango usio wake. Wageni wanaingilia dukani, na duka ndilo mwisho wa kazi. Tangu hapo tumegeuza njia.

Mgeni akifika haoni rafu kabisa, tumeihamishia chumba cha ndani. Anakaribishwa nyuma, kwenye beseni, anapewa kigoda na msasa. Baada ya hapo anakwenda kwa wachongaji chini ya mparachichi. Kisha shimoni kama hakuna mvua. Kisha chai na ndizi. Rafu ni ya mwisho, na asiyetaka kununua hatuulizi kwa nini, kwa sababu ameshalipia ziara.

Mtaniuliza kwa nini tusianzie shimoni, maana jiwe linatoka huko. Tulijaribu hivyo miezi miwili. Mgeni akifika shimoni kwanza anapiga picha zote za siku huko, wanaume wenye misuli na mitaimbo, na akifika kwenye beseni jua limeshamchosha, anatupungia mkono tu. Beseni inahitaji mgeni mwenye nguvu mpya, kwa sababu haina cha kumshtua macho. Ni mwanamke ameinama na maji machafu. Ukitaka aone kazi iliyomo mle lazima aifanye mwenyewe.

Kuhusu fedha, mtu mzima analipa shilingi 500, watoto hawalipi. Fedha hiyo haichanganywi na ya vinyago hata siku moja. Inagawanywa jioni ileile: waoshaji, wachongaji, mwenye shimo, na fungu la dereva au kijana wa bodaboda aliyemleta. Dereva anajua fungu lake kabla hajamleta mgeni, na hana asilimia kwenye rafu. Kwa hili tulipoteza madereva wengi. Tulikaa karibu miezi mitatu bila gari kusimama, na mume wangu alitaka turudi tulikotoka. Nashukuru hatukurudi.

Kwa leo naishia hapo. Ulizeni, nitajibu usiku nikishatoa mikono majini.

Mpingo_Mtupu

Dada yangu, ahsante sana kwa uzi huu. Mimi niko Dar, nauza vinyago Mwenge, asili ya wazee wangu ni Uwanda wa Mueda, Msumbiji, walivuka kuja kukata mkonge kabla ya uhuru wakaanza kuchonga huku.

Umeniumiza na hiyo habari ya rafu. Pale Mwenge mgeni anaona kinyago cha ujamaa, watu kumi na watano wamepandana kwenye gogo moja, anauliza kama ni vipande vimegundishwa. Hajawahi kuona gogo la mpingo linavyofika: nje gome la kijivu, ndani yake ganda jeupe lenye unjano, na weusi wenyewe uko moyoni. Akiona patasi inavyotoa ule weupe na weusi unavyochungulia, hawezi kuuliza kama tumepaka rangi ya viatu. Na hilo swali la rangi ya viatu naulizwa kila wiki, naapa.

Nina kaka yangu yuko kijijini Mtwara, anachonga nyumbani kwake. Nataka tuwapeleke wageni kule. Swali langu ni la kamisheni. Kwetu ukimnyima dereva asilimia anakuchafua, anawaambia wageni huko ni mbali, barabara mbovu, watu wezi. Nyinyi mlimalizaje hiyo miezi mitatu?

Mwosha_Mawe

Kaka, karibu. Kwa kweli tuliokolewa na bodaboda. Vijana wa Nyachenge hawakuwa na asilimia kwa mtu yeyote tangu mwanzo, kwa hiyo kwao fungu la ziara lilikuwa fedha mpya kabisa. Nilikwenda stendi nikakaa nao mchana mmoja, nikawaalika kumi waje waoshe mawe kama wageni, nikawapikia. Wengi wamezaliwa kilomita tano kutoka hapa na hawakuwahi kugusa beseni, wanajua ni kazi ya mama zao tu. Baada ya hapo wao ndio waliokuwa wanawaambia wasafiri wanaoshuka matatu, kuna boma fulani utashika jiwe mwenyewe.

Madereva wa magari walirudi mmoja mmoja. Wageni wenyewe ndio waliowauliza.

Kwa kaka yako nakushauri mgawane mapema na muandike kwenye daftari. Wewe unayemtoa mgeni Dar unastahili fungu, usione aibu. Ila liwe kwenye ziara, fedha ya kinyago abaki nayo aliyechonga.

Mzee_wa_Kitui_Road

Binti yangu, marahaba.

Mimi ni mchongaji wa Wamunyu, Machakos, sasa nimestaafu. Huku kwetu kazi ilianza na Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na akarudi na ujuzi alioupata kwa Wazaramo, watu wa pwani ya Dar. Kwa hiyo huyo kijana wa Mwenge ajue kwamba mkono wetu ni wa udugu.

Nina neno la kukuonya. Nimeona wageni wakija vijijini tangu nikiwa kijana. Mgeni akipenda twiga, kijiji kizima kinachonga twiga. Tulichonga twiga na swala hadi mpingo ukaisha, tukahamia muhugu nao ukaanza kuisha, hadi tukafundishwa kuchonga mwarobaini, mwembe na jakaranda. Mkono uliojua kuchonga mzee aliyekaa na fimbo yake, na ukamtambua kuwa ni baba ya fulani, umesahau. Jambo la pili ni watoto. Mgeni akimpa mtoto mmoja shilingi hamsini leo, kesho kuna watoto thelathini langoni na darasani hakuna mtu.

Je, mmejipangaje kwa hayo? Sitaki unijibu kwa haraka.

Mwosha_Mawe

Mzee wangu, shikamoo. Nimekaa siku mbili ndipo nikujibu.

La watoto tulilipata mwaka wa kwanza, kama ulivyosema. Lilianza na peremende. Sasa geti linafungwa hadi saa tisa na nusu siku za shule, na mgeni anayetaka kutoa kitu anaambiwa kuna fungu la vitabu, analitia kwenye kasha mbele ya watu. Watoto wa boma wanaruhusiwa kukaa na wageni Jumapili tu. Bado kuna wanaochungulia uani. Siwezi kusema tumemaliza.

La mkono kusahau ndilo lililonikosesha usingizi. Ni kweli rafu yetu imejaa viboko. Kiboko na ile familia iliyokumbatiana bila nyuso ndivyo vinavyonunua unga. Lakini tumegundua jambo moja kwa kuwa na wageni bomani. Mgeni aliyeshinda hapa anauliza: na wewe, ukichonga kwa ajili yako, unachonga nini? Dukani hakuna mtu anayeuliza hivyo. Shemeji yangu mdogo aliulizwa na mwalimu mmoja mstaafu kutoka Eldoret. Akanyamaza, akaingia ndani akatoa jiwe la kijivu alilokuwa amelificha chini ya kitanda, mwanamke amebeba mtungi uliopasuka, maji yanamshuka mgongoni. Mimi naishi naye boma moja, sikuwahi kuliona. Mwalimu hakulinunua, hakuwa na uwezo. Lakini shemeji alilimalizia mwezi ule na akaanza jingine. Sasa Jumatatu wachongaji hawachongi oda, wanachonga wanachotaka. Ziara ndiyo inayolipia hiyo Jumatatu.

Mtambue pia kwamba Jumamosi hatupokei mtu. Sisi ni Wasabato, na Jumamosi ndiyo siku ambayo Wanairobi wangependa zaidi. Kukiwa na msiba kijijini hatupokei pia, hata kama mgeni amelipa mwezi uliopita. Tunamrudishia.

Mtembezi_wa_Limuru

Nimefuatilia hii mada toka mwanzo. Mimi si msanii, ni mnunuzi mdogo tu na mpenda kutazama. Nilipokuwa chuo nilikuwa nakwenda Ngecha, kijiji cha wachoraji karibu na Limuru, kina Wanyu Brush na wenzake. Walianzisha chama chao 1995. Kilichonivutia ni kwamba unapita kwenye shamba la kabeji, unapishana na ng'ombe, unaingia uani kwa mtu na turubai zimeegemea ukuta wa jikoni.

Nakiri nilikuwa na hofu moja na bado ninayo kila nikiingia nyumbani kwa msanii. Najihisi nimeingia kwenye maisha ya mtu bila haki, na kwamba nikitoka mikono mitupu nimemdharau. Mara nyingi nimenunua kitu nisichokipenda kwa sababu ya aibu tu. Na kuna nyumba ambazo sikurudi kwa sababu hiyo. Hii habari ya ziara kuwa na bei yake imenifungua. Ningejua nalipia saa mbili za mtu, ningekwenda mara nyingi zaidi, na ningenunua kwa moyo mweupe.

Mwosha_Mawe

Ndugu, umesema kitu ambacho sisi wenyeji hatukijui kwa sababu tuko upande wa pili wa kikombe cha chai. Tulidhani mgeni asiyerudi hakupendezwa. Nitaisomea boma nzima hii.

Mogusii_Mbali

Bwakire (habari ya asubuhi kwa Kigusii) dada. Naandika kutoka Maryland. Mwaka 2014 Smithsonian Folklife Festival pale Washington iliialika Kenya, na mzee wetu Elkana Ong'esa wa Tabaka alichonga tembo wa jiwe pale pale uwanjani, watu wanamtazama. Mimi nilikwenda siku tatu mfululizo na wanangu. Watu walisimama juani, wanauliza hili na lile, wanaomba kugusa. Mwanangu wa kwanza alizaliwa huku, na siku hiyo ndipo alipoelewa kwamba yale mawe kwenye kabati letu yametoka kwenye mkono wa mtu na si kiwandani.

Nilifurahi na nikaumia pia. Nilijiuliza kwa nini imebidi mzee avuke bahari ndipo watu wamtazame akifanya kazi ambayo kwetu magari yanaipita kila siku. Kusoma kwamba sasa watu wanakuja kuketi kwenye kigoda Tabaka, nimefurahi kupita kiasi. Mbuya mono (vizuri sana).

Nesi_wa_Zamu

Pongezi kwa kazi. Lakini mimi ni mhudumu wa afya na hakuna aliyegusa vumbi. Vumbi la jiwe hilo ni laini mno, linafika chini kabisa ya mapafu na halitoki. Mnawaketisha wageni, watoto wakiwemo, karibu na wachongaji? Na nyinyi wenyewe mnaovuta mwaka mzima?

Mwosha_Mawe

Swali la haki, na najibu kwa uchungu. Baba mkwe anakohoa. Amekohoa miaka yote niliyomjua.

Kwenye beseni vumbi ni dogo kwa sababu jiwe limelowa, na hiyo ni sababu nyingine ya mgeni kuanzia huko. Hatari iko kwa wachongaji, hasa wanapokata kwa msumeno na kukwangua kwa tupa jiwe likiwa kavu. Tulipoanza kupokea wageni tuliwapa wageni barakoa, na mgeni mmoja, mama wa makamo, akaivua akamwuliza mume wangu, yako iko wapi? Hatukuwa na jibu. Aibu ile ndiyo iliyotufanya tununue za kila mchongaji. Sasa jiwe hulowekwa maji kabla ya tupa, wachongaji wanakaa upande upepo unakotokea, na wageni wanakaa hatua kama nane nyuma. Watoto hawaendi kabisa kwa wachongaji tupa ikiwa kazini.

Wachongaji wanalalamika barakoa inawabana wakati wa joto na wengine huishusha shingoni nikigeuka. Nagombana nao kila wiki. Kama una ushauri wa barakoa nzuri isiyochosha, niandikie tafadhali.

Nesi_wa_Zamu

Za kitambaa hazizuii vumbi hilo, tafuta zile ngumu za kuchuja zinazobana pua, na zibadilishwe zikichafuka. Na sakafu isifagiliwe kavu jioni, imwagiwe maji kwanza. Nimefurahi umejibu bila kuficha.

Jicho_la_Soko

Mimi napingana nanyi nyote. Mnafungua nyumba, mnaonyesha kila hatua, wageni wanapiga picha kila kona. Kesho mtindo wako unatolewa na mashine nchi nyingine, unauzwa kwa robo ya bei, hata jina lako halipo. Fundi wa kweli hafungui karakana. Wazee wetu walikuwa na siri zao na walikuwa na sababu.

Mwosha_Mawe

Nakusikia, na una haki ya kuogopa. Imeshatukuta. Mtu alikuja na kamera kubwa, akapiga rafu nzima kipande kwa kipande, akaondoka bila kununua hata kijiko. Miezi minane baadaye bakuli la shemeji, lenye samaki wawili wamezunguka ukingo, tukalikuta dukani mjini, si mkono wetu. Shemeji alilia. Mwanamume mzima aliketi kwenye ngazi akalia.

Tangu siku hiyo picha ya mikono, ya beseni, ya shimo na ya watu waliokubali ni ruhusa. Picha ya rafu ni marufuku, na tumeandika mlangoni kwa herufi kubwa. Muundo mpya haukai rafuni hadi angalau vipande vyake kumi viwe vimeuzwa.

Lakini siwezi kukubali kwamba siri iko kwenye hatua. Hatua zetu anazijua kila mtoto wa Tabaka, panga, kisu, msasa, nta. Kijiji kizima kinachonga, na ile familia iliyokumbatiana hakuna anayejua nani aliianza. Aliyeiba bakuli aliiba kutoka kwenye rafu, kaka. Alifika wakati wageni wetu bado walikuwa wanaanzia dukani. Huyo hakuketi kwenye beseni hata dakika moja.

Mpingo_Mtupu

Nimeongea na kaka. Amekubali, ila mkewe ndiye aliyeuliza swali gumu: yeye hachongi wala haoshi, mpingo hauoshwi. Lakini ndiye anayepika, anayechota maji, anayefagia uwanja wageni wapite. Je, ana fungu?

Mwosha_Mawe

Ana fungu. Mwandikeni kwenye daftari kwa jina lake, mstari wake peke yake, asiwe ndani ya fungu la mumewe. Sisi tulichelewa mwaka mzima kulifanya hilo na ndilo lililokaribia kutuvunjia boma. Shemeji wa kike aliyekuwa anapika chai ya wageni alisusa, na alikuwa na haki. Siku hiyo wageni walikunywa maji ya moto. Na huko Mtwara kama kuna anayetwanga, anayesuka ukili, anayefinyanga, nao wawe kwenye njia ya mgeni kabla ya rafu.

Mtembezi_wa_Limuru

Dada, Desemba nakuja na wanangu wawili na mama yangu mzazi, ana miaka sabini na moja, magoti mabovu. Tubebe nini? Na mama atafika shimoni?

Mwosha_Mawe

Karibuni sana. Njooni siku yoyote isiyo Jumamosi, na mfike mapema, maana kwetu mvua hupenda alasiri. Mvua ikinyesha shimoni hatushuki hata mtu akisisitiza, kingo zinateleza na zinaweza kuporomoka. Vaeni viatu vya kufungwa na nguo ambazo hamtazilaumu, doa jeupe la jiwe linatoka likifuliwa ila linachukua muda. Watoto waje na nguo za kubadili, nawaahidi watalowa.

Mama asishuke shimoni. Kuna kigoda chenye mgongo ambacho mume wangu alimtengenezea mama yake, kiko upande wa kulia wa beseni kwenye kivuli. Mama mkwe mwenyewe hakitumii, anasema ni cha wageni wakubwa. Mwambie mama akae hapo. Mkifika asubuhi msalimieni mama mkwe "Bwakire" kabla sijatoka jikoni, msinisubiri mimi kutafsiri. Msasa wa kwanza atawapa mwenyewe.